Wanafunzi na Riwaya ya The Outsiders: Funzo kwa Mwalimu wa Insha

Kurasa hizi zimezoea kuzungumzia ngeli, methali, tungo za washairi wetu na mbinu za kufundishia. Leo twaomba radhi tutoke kidogo nyumbani, twende hadi mji wa Tulsa, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, tukaitazame historia ya kitabu kimoja cha vijana. Hatuendi huko kwa kuwa vitabu vyetu vimetuishia. Twaenda kwa sababu kitabu hicho kiliandikwa na mwanafunzi, kikaenezwa na wanafunzi, na hata kilipofanywa filamu ni wanafunzi walioomba. Katika kila hatua ya safari yake palikuwa na mwalimu aliyesikia au aliyeshindwa kusikia. Sisi wenyewe tumewahi kuwa upande wa wasiosikia, na habari hiyo tutaieleza mahali pake.

Mwandishi na mji wake

Susan Eloise Hinton alizaliwa Tulsa mwaka 1948. Tulsa ni mji uliotajirika kwa mafuta ya petroli, lakini utajiri huo haukuwafikia wote. Vijana wa mitaa ya fukara waliitwa Greasers, jina lililotokana na mafuta waliyojipaka nywele zao ndefu. Na watoto wa wenye nacho waliitwa Socs. Makundi hayo mawili hayakukaa pamoja shuleni, na nje ya shule yalipigana. Hinton alikuwa na marafiki miongoni mwa Greasers. Siku moja rafiki yake mmoja alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu; vijana wa matajiri wakashuka garini wakampiga, bila kosa lolote ila kwamba alikuwa maskini na alionekana hivyo. Hinton alirudi nyumbani kwa hasira, akaanza kuandika.

Alipoanza alikuwa na umri wa miaka 15. Sehemu kubwa ya kazi aliifanya akiwa na miaka 16, akiandika na kuandika upya. Ilikuwa miaka migumu nyumbani kwao, maana baba yake aliugua saratani ya ubongo, akafariki Hinton akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Na hapa pana jambo ambalo kila mwalimu wa insha hana budi kulitafakari: mwaka uleule alioandika riwaya hiyo, katika somo la uandishi wa kubuni alipata alama D. Yaani msichana aliyekuwa akiandika kitabu ambacho kingesomwa na mamilioni ya watu, darasani alihesabiwa miongoni mwa walio karibu kushindwa.

Riwaya ilitolewa mwaka 1967 na shirika la Viking Press la New York, mwandishi akiwa na miaka 18. Katika jalada jina lake liliandikwa S. E. Hinton. Wachapishaji walichelea kwamba wahakiki wanaume wangekidharau kitabu kinachosimuliwa na mvulana wakijua kwamba mtunzi wake ni msichana. Mwezi Agosti mwaka huohuo aliandika makala katika gazeti la New York Times, akilalamika kwamba vitabu vinavyotungwa kwa ajili ya vijana havifanani na maisha ya vijana. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Vitabu vingi vya vijana vya siku zile vilihusu dansi za shule, michezo na farasi, na aghalabu mambo yote yalimalizika vizuri.

Hadithi yenyewe

Kwa faida ya wasiokisoma, hadithi kwa ufupi ni hii. Msimulizi ni Ponyboy Curtis, mvulana wa miaka 14, ambaye wazazi wake wamekufa katika ajali ya gari. Analelewa na kaka zake wawili: Darry, mwenye miaka 20, aliyeacha masomo ili afanye kazi ya kuwalisha wenzake, na Sodapop, aliyeacha shule akafanya kazi katika kituo cha petroli. Usiku mmoja Ponyboy anachelewa kurudi, Darry anampiga kofi, naye anatoroka pamoja na rafiki yake Johnny, mvulana ambaye kwao hupigwa na baba na kupuuzwa na mama. Katika bustani ya mji wanavamiwa na Socs. Ponyboy anazamishwa kichwa majini, na Johnny, kwa hofu, anamchoma kisu mmoja wao, aitwaye Bob, akafa.

Wavulana hao wawili wanakimbilia kujificha katika kanisa lililohamwa. Siku chache baadaye kanisa linashika moto wakati watoto wadogo wamo ndani. Johnny na Ponyboy wanaingia motoni kuwaokoa, na Johnny anaumia vibaya, akafa hospitalini. Rafiki yao Dally hawezi kuvumilia msiba huo, naye anauawa kwa risasi za polisi usiku uleule.

Baada ya vifo hivyo Ponyboy anaanguka katika masomo. Mwalimu wake wa Kiingereza anamwambia kwamba atafaulu ikiwa ataandika insha moja nzuri, na mada anaachiwa achague mwenyewe. Insha anayoiandika ndiyo riwaya nzima tuliyoisoma. Hinton, aliyepewa D, alimtungia mhusika wake mwalimu ambaye kila mmoja wetu angependa kuwa.

Jinsi wanafunzi walivyokipokea

Kitabu hakikupata umaarufu siku ya kwanza. Baada ya muda wachapishaji waligundua kwamba nakala zinanunuliwa na walimu kwa ajili ya madarasa yao. Walimu waliona kwamba wanafunzi wasiopenda kusoma, hasa wavulana, walikisoma hiki hadi ukurasa wa mwisho, kisha wakauliza kama kuna kingine cha namna hiyo. Ndipo wenye mashirika ya vitabu walipotambua kwamba pana wasomaji wa umri wa kati, waliokwisha kuacha vitabu vya watoto na hawajawa watu wazima, na kwamba watu hao wana haki ya kuwa na fasihi yao. Paul Zindel alitoa The Pigman mwaka 1968, na Robert Cormier akatoa The Chocolate War mwaka 1974. Hatusemi kwamba Hinton peke yake ndiye aliyeufungua mlango huo, lakini ni miongoni mwa walioupanua.

Tukio linalojulikana sana katika historia ya kitabu hiki lilitokea Fresno, katika jimbo la California, mwaka 1980. Katika shule iitwayo Lone Star, mkutubi aliona jinsi wanafunzi wake walivyokipenda kitabu, naye pamoja nao wakaamua kwamba kinastahili kufanywa filamu. Walikuwa wameona filamu ya farasi mweusi, The Black Stallion, iliyotolewa mwaka 1979 na ambayo Francis Ford Coppola alikuwa mmoja wa waliosimamia utengenezaji wake. Basi wakamwandikia Coppola barua, wakaambatisha nakala ya kitabu na karatasi zenye sahihi za wanafunzi.

Coppola wakati huo alikuwa na jina kubwa duniani kwa filamu ya The Godfather ya mwaka 1972. Angaliweza kuitupa barua ya watoto wa shule. Hakuitupa. Filamu ilipigwa mjini Tulsa kwenyewe mwaka 1982, ikaonyeshwa mwaka 1983, na ndani yake ikatajwa kwamba imetolewa kwa heshima ya mkutubi na wanafunzi wale waliotoa wazo la kuitengeneza.

Wala mambo hayakuishia hapo. Filamu ile ilikuwa imekatwa sehemu nyingi ili iwe fupi, na kwa miaka mingi wanafunzi waliokisoma kitabu waliendelea kumwandikia Coppola kumwuliza sehemu fulani zimekwenda wapi. Mwaka 2005 alitoa filamu upya, akairudishia dakika zipatazo 20 zilizoachwa, hasa zile zinazoonyesha maisha ya ndugu watatu nyumbani kwao. Nyumba iliyotumiwa katika filamu hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2019, na mwaka 2024 mchezo wa kuigiza na nyimbo uliotokana na riwaya hii ukashinda tuzo ya Tony mjini New York.

Hata hivyo, si watu wote waliofurahi. Mwaka 1986, huko South Milwaukee katika jimbo la Wisconsin, kitabu kililalamikiwa kwa sababu kina ulevi na dawa za kulevya, na kwa sababu karibu wahusika wote wanatoka katika familia zilizovunjika. Sababu hiyo ya pili tumeifikiria sana. Kama kitabu hakifai kwa kuwa wahusika wake wanatoka katika nyumba zilizovunjika, je, mwanafunzi atokaye katika nyumba kama hiyo tumwambie nini? Yeye hawezi kufungwa kabatini kama kitabu.

Darasani kwetu

Sisi twafundisha Kiswahili huku Uganda, na wanafunzi wetu walio wengi hukipata Kiswahili darasani, si nyumbani. Kwa kuwa riwaya hii ni ya Kiingereza, hatukuwasomesha. Tuliwasimulia kwa Kiswahili, vipindi vitano vya siku ya Ijumaa, katika darasa la tatu la sekondari lenye wanafunzi 48. Shabaha yetu ilikuwa ya kawaida kabisa, yaani kuwazoeza kusikiliza na kutoa maoni. Tulitazamia majibu mafupi, kama ilivyo desturi.

Kipindi cha kwanza mvulana mmoja alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, hao Socs hata hapa shuleni wapo." Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Kila mtu alijua anawasema akina nani. Wapo waletwao kwa magari siku ya kufungua shule, masanduku yao ya bati yamejaa sukari, mkate na mafuta ya kupaka; na wapo wajao kwa miguu kila asubuhi, ambao chakula chao cha siku ni posho na maharage ya mchana. Hatukuwa tumewahi kusikia neno hilo likisemwa wazi, wala kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine.

Kipindi cha tatu palizuka mabishano juu ya Johnny: ni mwuaji au amejitetea? Walibishana mpaka kengele ikalia. Walihitaji maneno, nasi tukawapa: kujitetea, kukusudia, ushahidi, yatima, kujisalimisha. Maneno ambayo tungeyaandika ubaoni na kusahauliwa kesho yake yalishikwa siku hiyohiyo, kwa sababu kila mmoja aliyahitaji ili amshinde mwenzake. Makosa ya upatanisho wa ngeli yalikuwa mengi. Tuliyaandika pembeni tukayarudia Jumatatu, kwa maana tuliona kwamba mtu aliyefika katikati ya hoja yake si wa kukatizwa kwa ajili ya kiambishi.

Msichana mmoja aliuliza mbona mtunzi ni mwanamke na wasichana katika hadithi ni wachache hivyo. Tulipoeleza habari ya herufi mbili za jina jaladani, alisema, "Basi naye alikuwa nje." Jibu hilo tuliliona zuri kuliko maelezo yetu.

Lakini lililotuingia zaidi lilitokea kipindi cha nne. Johnny yuko hospitalini, anakufa. Mama yake anakuja kumwona, naye anakataa kuonana naye. Darasa zima lilipiga kelele. Mtoto anayekufa hamkatai mama yake, walisema. Hadithi hii ni ya Wazungu. Wakati huo mvulana aketiye karibu na dirisha, ambaye katika mihula miwili hatukumsikia akisema neno ila "nipo" wakati wa kuitwa majina, alisema kwa sauti ya chini, "Inategemea mama." Hakuna aliyemjibu. Sisi nasi hatukujua la kumwambia, tukaendelea na hadithi.

Kosa letu

Tulipokuwa tukienda nyumbani jioni ile tulimkumbuka mwanafunzi mwingine, wa miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa bado wapya, tumetoka chuoni na stashahada yetu, na kalamu yetu nyekundu ilikuwa kali. Tulitoa mada ya insha, "Siku ya furaha katika maisha yangu." Wenzake waliandika habari za Krismasi, Idi na harusi. Yeye aliandika habari ya usiku aliolala katika kituo cha mabasi baada ya kufukuzwa nyumbani, na jinsi mwanamke muuza chai alivyompa shuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yake ya furaha. Insha ilikuwa na makosa mengi ya sarufi. Tulimpa alama 6 juu ya 20, na chini yake tukaandika, "Umetoka nje ya mada."

Muhula uliofuata aliandika habari za Krismasi, kama wengine. Tukampa 13. Hakutuletea tena insha ya namna ile ya kwanza, na siku alipoondoka shuleni hatukujua anakwenda wapi. Tunaposoma kwamba mwalimu fulani huko Tulsa alimpa Hinton alama D, hatuwezi kumcheka.

Nyumbani kwetu pia

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Mwaka 1971, miaka minne baada ya riwaya ya Hinton, Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1944, alitoa Rosa Mistika. Humo tunamwona msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, ambaye akifika shule ya mbali hajui kujiongoza, na mwisho wake ni wa kuhuzunisha. Kitabu hicho nacho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, kisha baadaye kikaruhusiwa, kikafundishwa. Leo hakuna anayeweza kuieleza historia ya riwaya ya Kiswahili bila kukitaja. Kezilahabi alifariki mwaka 2020, na wanafunzi bado wanabishana kama aliyemwangusha Rosa ni Rosa mwenyewe, au baba yake, au sisi sote.

Vitabu hivi viwili havifanani kwa mtindo wala kwa imani. Kimoja kina matumaini, kingine hakina. Lakini vyote viwili viliwahi kuondolewa mbele ya vijana na watu wazima waliodhani kwamba shida isiposomwa haitakuwapo.

Tunalopendekeza

Hatupendekezi kwamba kila kitabu kinachotaja kisu na pombe kiingizwe darasani. Mwalimu ni mlezi, na mlezi huchagua. Hinton mwenyewe amewahi kusema kwamba barua za wasomaji wanaomwambia kuwa kitabu chake kimebadili maisha yao humtisha. Na sisi twaona kwamba hofu hiyo ni ya haki. Mwanafunzi akisema neno zito, mwalimu anakuwa amepokea amana, na amana haiishi kwa kutiwa alama ya vema.

Tulipomaliza kusimulia, tuliwapa wanafunzi wetu mada moja: "Jambo ambalo watu wazima hawalijui." Tuliwaambia kwamba insha hazitasomwa mbele ya darasa, na kwamba akiwapo mtu aliye hatarini hatutanyamaza. Tulipokea insha 47. Nyingi zilikuwa za mambo madogo: kunyimwa simu, kulinganishwa na kaka, kuchekwa kwa viatu. Tatu zilitulazimu kwenda kuzungumza na mwalimu mlezi wa shule siku ileile. Tulisahihisha sarufi kwa penseli, pembeni, na chini ya kila insha tukaandika kwanza jambo moja kuhusu alichosema mwanafunzi, kisha ndipo tukaandika jinsi alivyolisema.

Insha ya 48, ya yule mvulana wa dirishani, haikuja Ijumaa. Ililetwa Jumatano iliyofuata, imekunjwa mara nne, kurasa mbili na nusu. Hatutasema imeandikwa nini, maana tuliahidi. Tutasema tu kwamba tuliisoma mara mbili kabla ya kushika penseli.